Mzee Aliyekuwa Hashuki Lukaya

  

Kamati ya gazeti hili la jubilii imeniomba niandike maneno niliyosema Jumamosi ya kongamano, siku tulipowakumbuka wazee wetu wawili tuliowazika mwaka huu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Majina ya wazee sitayataja, ndivyo familia zilivyotaka, na ninyi mliowajua mtawatambua tu. Mmoja nitamwita Mzee Mgambo, huyu ni wa kwetu, upande wa Bukoba. Wa pili nitamwita Mzee Dereva, wa upande wa Masaka. Wote wawili walikuwa katika vita vya Kagera, mmoja huku na mmoja kule.

Sasa wewe unayesoma, nikuulize. Umewahi kushuka Lukaya?

Kama umepanda basi letu la kongamano, umeshuka. Tunatoka Bukoba alfajiri, tunavuka Mutukula, tunapita Kyotera, tunapita Masaka, halafu Lukaya. Pale hata usipomwambia dereva, anasimama mwenyewe. Wauzaji wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, gonja za moto, soda, maji. Sote tunashuka. Akina mama wanatafuta choo, watoto wanalilia gonja, wachungaji wanasema hawali, baadaye unawakuta nyuma ya basi na paja la kuku.

Mzee Mgambo alikuwa hashuki. Safari zote nilizoongoza mimi, hakushuka hata mara moja. Tukikaribia tu lile bwawa la mafunjo anavuta pazia la dirisha, anainamisha kichwa. Mwaka wa kwanza nilidhani amelala. Mwaka wa pili nikadhani amefunga, nikawaambia vijana, "Mwangalieni mzee wenu, nyinyi mnakula kuku, yeye yuko kwenye maombi." Nikamfanya mfano katika mahubiri yangu. Naye akaniangalia tu, akanyamaza. Mungu anisamehe.

Vijana wengi mlio kongamanoni mmezaliwa baada ya mwaka 2000. Hata mimi nilizaliwa mwaka 1980, vita vimekwisha, watu wa kwetu bado wanaezeka nyumba zao upya. Kwa hiyo naomba niseme kidogo historia, maana nimegundua wengi mnadhani vita vya Kagera ni jina la shule tu au la uwanja.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, wakachukua eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera. Amin akatangaza kwamba mpaka sasa ni mto. Daraja la Kyaka likavunjwa. Mama yangu alikuwa amevuka daraja lile siku chache kabla, kaka yangu mgongoni, dada yangu mkononi, na kuku mmoja ambaye mpaka leo hajui kwa nini alimchukua yule kuku akaacha sufuria. Waliobaki nyuma waliyaona mengi. Watu waliuawa, wanawake walitendewa mabaya, ng'ombe waliswagwa kuvuka mpaka, kiwanda cha sukari kiliporwa, mabati yaling'olewa juu ya nyumba za watu yakapakiwa kwenye malori. Mabati hayo yakumbuke, nitayarudia.

Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa. Jeshi la Wananchi peke yake halikutosha, wakaitwa mgambo, wakaitwa JKT, polisi na magereza. Malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa kupeleka askari kaskazini. Januari 1979 wakavuka Mutukula. Masaka ikatwaliwa tarehe 24 Februari, Kampala tarehe 11 Aprili. Na sehemu kubwa ya njia hiyo askari waliitembea kwa miguu. Ile barabara ambayo wewe na mimi tunalalamika kiti cha basi kinabana.

Kwa ndugu wa Uganda habari ina upande mwingine, na upande huo unatuhusu sana sisi Wapentekoste. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Septemba mwaka huo huo serikali ya Amin ilipiga marufuku makundi ya dini 27, na watu wetu walikuwa humo. Wazee wa Kampala na Masaka wameniambia jinsi walivyosali nyumbani, mapazia yamefungwa, wanaimba kwa kunong'ona, mtoto akikohoa mlangoni wote kimya. Baada ya Aprili 1979 milango ikafunguka. Ushirika huu wetu wa kuvuka mpaka ni tunda la milango hiyo. Sisemi kwamba bunduki ni injili, nisieleweke vibaya. Nasema njia tunayopita na Biblia, kuna watu waliipita kwanza katika hali nyingine kabisa, na baadhi yao walikuwa wanakaa viti vya nyuma katika makanisa yetu.

Nchi inawakumbuka wakubwa wake, na ni haki. Tarehe 29 Oktoba 2024 alifariki Jenerali David Musuguri, umri wake miaka 104. Ndiye aliyeongoza divisheni ya 20 ndani ya Uganda, na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi. Mzee yule aliingia Keya mwaka 1942, jeshi la Mwingereza, akapelekwa mpaka Madagaska. Idi Amin naye alitoka katika Keya hiyo hiyo, aliingia 1946. Hebu fikiri, watu waliovaa sare moja, wakala posho ya bwana mmoja, baada ya miaka thelathini na kitu mmoja anaongoza jeshi kumng'oa mwenzake. Jenerali alizikwa Butiama kwa heshima za kijeshi, redio zikatangaza, na Mzee Mgambo wetu alisikiliza yote kwenye kiredio chake, kofia mkononi. Mjukuu wake ndiye aliyeniambia hilo la kofia.

Yeye mwenyewe hatukumpigia mizinga. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba. Aliitwa Novemba 1978 akiwa na miaka 28, akafunzwa, akapewa bunduki, akaenda, akarudi, akachukua jembe pale alipoliacha. Aliokoka katikati ya miaka ya themanini. Kanisani alikuwa anafagia, na ukimsalimu anasimama wima kwanza ndipo anajibu. Alikaa kila mara karibu na mlango. Kazi nyingine hakuitaka, tulipotaka kumfanya mzee wa kanisa alikataa mara tatu, hakutoa sababu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapoungama.

Kuna mwaka mmoja, kongamano letu lilikuwa Masaka, mimi ndiye mwongoza vipindi. Muda wa shuhuda Mzee Mgambo akanyoosha mkono. Nilifurahi, maana alikuwa hasemi. Akaja mbele, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kikombe cha moto. Akasema, "Mimi nilifika mji huu mara ya kwanza mwaka 1979. Nataka kusema jambo la Lukaya." Ukumbi ukatulia, hasa upande wa wenyeji. Nikaona akina mama wa Masaka wanatazamana. Nikaogopa. Nikafikiri, huyu mzee atatuharibia mkutano, ataanza habari za mizinga mbele ya watu ambao nyumba zao zilibomolewa. Nikamsogelea nikatabasamu, nikasema, "Tata, habari za vita tumwachie Bwana, tupe ushuhuda wa wokovu kwa kifupi." Nikaongeza na andiko, 2 Wakorintho 5:17, kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo anaanza upya. Watu wakasema Amen. Mzee akanirudishia kipaza sauti. Akasema "Asante, mwinjilisti." Akaenda kukaa karibu na mlango.

Hakunyoosha mkono tena mpaka tumemzika.

Nilisoma shule ya Biblia, nina cheti ukutani. Nilifundishwa jinsi ya kuongoza kipindi kisipitilize muda. Siku ile nilimaliza dakika kumi kabla ya saa, nikapongezwa.

Aliyemfuata Mzee Mgambo nje baada ya ibada ni Mzee Dereva. Huyu nanyi mnamjua, ndiye mkalimani wetu wa miaka yote. Ninyi mliotafsiriwa na mzee yule mnakumbuka Kiswahili chake. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kifupi, cha amri, "wewe nakwenda wapi" na "simama hapo". Baada ya kuokoka alijitahidi kukilainisha, akakisoma katika Biblia, lakini akichoka kinarudi. Nanyi wa Kenya na Tanzania inafaa mjue jambo hili. Kwa Waganda wengi wa umri ule, Kiswahili kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, au mlangoni usiku. Katika mikutano yetu ya mwanzo, mhubiri wa Bukoba akipandisha sauti kwa Kiswahili, kuna akina mama walikuwa wanashika watoto wao. Sisi tukidhani Roho ameshuka! Mzee Dereva ndiye aliyetueleza. Alisimama katikati ya lugha ile na watu wale, maana aliwahi kuwa yeye mwenye sauti ile.

Alikuwa dereva wa lori katika jeshi la Amin. Oktoba 1978 aliingia kwetu na msafara. Hilo lilijulikana, alilisema alipookoka. Ambalo halikujulikana ni mzigo aliorudi nao. Alirudi na mabati, ameng'oa yeye na wenzake, na cherehani moja. Vita viliposogea alivua gwanda, akavaa nguo za shambani, akajificha kwa shangazi yake. Kwao Masaka alikuta nini? Kifusi. Mji ule ulipigwa kwa mizinga, na hata baada ya kutwaliwa askari wetu walibomoa majengo mengi kulipiza yale ya Kagera. Hilo nalo tuliseme, sisi Watanzania. Tunapenda kusimulia ya daraja la Kyaka, ya Masaka tunayaruka.

Basi, kila mwaka Mzee Dereva akivuka kuja kwetu alikuwa na desturi. Anapita Bukoba dukani, ananunua mabati. Mwaka mwingine kumi, mwaka mwingine matatu, kadiri ya mavuno ya kahawa. Analeta kanisani, katibu anaandika "sadaka ya ujenzi, mgeni kutoka Uganda". Nimehubiri chini ya mabati yale miaka mingi. Mvua ikinyesha nilikuwa nalalamika kwamba yanapiga kelele. Alikuwa hamjui mwenye ile nyumba aliyoing'oa, hata kijiji hakikumbuki vizuri, ilikuwa usiku. Kwa hiyo aliamua kurudisha kwa eneo lote. Soma Luka 19:8, Zakayo na mara nne zake. Mzee Dereva alikuwa na hesabu yake ndogo kwenye daftari, mwanawe amenionyesha. Cherehani aliiweka mwisho wa ukurasa, imezungushiwa duara, haijafutwa.

Siku ile Masaka alimkuta Mzee Mgambo chini ya mti, akamwambia, "Ssebo, jambo la Lukaya niambie mimi." Wakaenda nyumbani kwake. Akamtolea buni za kutafuna, kama tunavyofanya kwetu Uhaya, maana desturi hiyo tunayo pande zote mbili, na neno "Tata" nalo ni karibu moja. Wakakaa mpaka jogoo akawika. Mtu wa kwanza kumsikiliza mzee wetu, kwa miaka zaidi ya thelathini, alikuwa askari wa jeshi alilopigana nalo. Si mchungaji wake, si mimi.

Mzee Mgambo alilala mauti Februari mwaka huu. Mzee Dereva alikuja kuzika, akiwa mgonjwa, mwanawe amemshika kiuno. Baada ya kaburi kufunikwa aliniita pembeni, kwenye migomba. Akaniambia, "Mwinjilisti, rafiki yangu ameniachia mzigo, na mimi naondoka. Uchukue." Akanisimulia.

Tarehe 10 Machi 1979 walikuwa Lukaya, brigedi ya 201, wengi wao mgambo. Askari wa Amin walikuwa wameongezewa Walibya. Wakapigwa roketi mfululizo. Watu waliokuwa wakulima miezi minne iliyopita walisikia anga linapasuka, wakatawanyika. Vitabu vya vita vinasema hivyo na si siri. Mzee Mgambo alikuwa na rafiki yake, wa kijiji kimoja, walibatizwa siku moja wakiwa wachanga, wakaitwa mgambo siku moja. Rafiki aliumia mguu barabarani. Akamwita mwenzake kwa jina la utotoni, lile ambalo ni mama na yeye tu walilitumia. Mzee Mgambo alilisikia. Hakugeuka. Alikimbia mpaka kwenye mafunjo akalala ndani ya maji.

Kesho yake brigedi ya 208 ilizunguka ikapiga kwa nyuma, hao waliotawanyika wakakusanywa wakarudi, Lukaya ikatwaliwa. Alimtafuta rafiki yake, hakumwona. Vita vilipokwisha alirudi kijijini, mama wa rafiki akamjia njiani. Akamwambia, "Mwanao alikufa mikononi mwangu, mara moja, hakuumia." Mama akamshukuru.

Wapendwa, mama yule aliishi miaka mingi. Mzee Mgambo alimpelekea ndizi kila wiki, alimwezekea nyumba, alimchimbia choo, alipokufa alilipa sanda. Kijiji kizima kilisema, ona rafiki wa kweli. Kila sifa ilikuwa inamchoma. Ndiyo maana alikataa uzee wa kanisa. Ndiyo maana alishika kipaza sauti siku ile Masaka, alitaka kulitua, mbele za watu wa Mungu, katika nchi ile ile. Mimi nikamwambia afupishe.

Wiki tatu baadaye Mzee Dereva naye akaenda.

Kabla sijasema maneno haya kongamanoni nilikwenda kwa dada wa yule rafiki. Yupo, ni mpendwa wetu, anakaa mstari wa tatu upande wa akina mama, na ameniruhusu kuandika. Nilimweleza yote kama nilivyoelezwa. Nilijiandaa kwa kilio, nilijiandaa hata kwa laana. Alinyamaza kitambo kirefu, akachambua maharage yake. Kisha akasema, "Alikimbia. Sasa angefanya nini, wangekufa wawili, nani angetuezekea nyumba?" Halafu akaniuliza swali moja: "Alianguka upande gani wa barabara?"

Sikujua. Sikumwuliza Mzee Dereva kwenye migomba, nilikuwa nalia. Na Mzee Dereva pengine alijua, maana walisimuliana usiku kucha. Sasa hakuna wa kumwuliza. Dada huyu alitaka kitu kidogo tu, kushoto au kulia, na mimi niliyekuwa na kipaza sauti mkononi siku ile ndiye niliyemnyima.

Nimesoma mara nyingi habari ya Daudi katika 2 Samweli 23, alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu na mashujaa watatu wakapenya katikati ya Wafilisti kumletea. Daudi alikataa kuyanywa. Aliyatazama maji yale akaona humo roho za watu waliojihatarisha, akayamimina mbele za Bwana. Zamani nililihubiri andiko hilo kuhusu utii. Siku hizi naona zaidi macho ya Daudi. Aliletewa maji akatambua ni nini hasa alicholetewa. Mimi nililetewa mabati nikasikia kelele za mvua.

Ndugu wa Kenya, msidhani nimewasahau. Ninyi mlikuwa na wazee wa Keya, waliokwenda Bama. Mwaka 1944 vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walisukuma njia katika matope ya bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin. Februari mwaka huo meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa, na tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliorudi kutoka vita ile walilipwa kiinua mgongo kidogo kuliko wenzao Wazungu wa cheo hicho hicho, wakarudi vijijini, wengine makanisani. Mchungaji mmoja wa Kisumu aliniambia babu mmoja wa kanisa lake alikuwa akiimba katika usingizi kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Walimwombea pepo atoke. Hakuna aliyemwuliza wimbo ni wa wapi. Alikufa na wimbo wake, na wazee wa Bama sasa karibu wote wamekwisha.

Wa Kagera bado wapo kidogo. Wenye umri mdogo kabisa wanakaribia miaka 70. Katika makanisa ya ushirika wetu, pande zote za mpaka, nimehesabu mpaka sasa wanane. Wanne ni wa mgambo na JKT, wawili walikuwa jeshi la Uganda wakati ule, mmoja alikuwa muuguzi, na mmoja ni mama wa Minziro ambaye hakubeba bunduki ila anayajua mambo ya usiku ule kuliko wote. Huenda kanisani kwako yuko wa tisa. Ni yule anayekaa karibu na mlango. Ni yule anayetoka nje vijana wakipasua fataki mkesha wa mwaka mpya, nawe unadhani hapendi furaha.

Ninachokuomba si kikubwa. Nenda kwake wiki hii, usiende na kamati. Nenda na sukari kilo moja, kaa. Usimwambie afupishe. Akikwambia jambo la aibu usimpe andiko haraka, andiko lipo, halitakimbia. Mwulize mahali, mwulize majina, mwulize upande gani wa barabara. Na akikataa kusema, kunywa chai yake urudi wiki nyingine. Wengine wametenda mabaya, nalijua hilo, na wako wapendwa wetu Masaka na Kyaka ambao kusikia kutawaumiza. Hao nao tuwasikilize, kila mtu kwa zamu yake, na mchungaji awepo. Mimi nimeomba kuongoza kipindi hicho kongamano lijalo, kisha nikaghairi. Ataongoza mtu mwingine. Mimi nitakaa karibu na mlango.

Safari ijayo ni ya Kampala. Basi litasimama Lukaya kama kawaida, ila nimemwomba dereva asimame kwanza kabla ya mji, pale mafunjo yanapoanza. Dada wa mstari wa tatu ameshalipia kiti chake, cha dirishani. Nimemwambia hatuna alama yoyote, hatujui kama ni kushoto au kulia. Amesema atatembea pande zote mbili. Kuku hataki. Anachotaka ni tumsubiri, tusipige honi.